Laptop ya kugeuka ya bei nafuu: ipime hivi kabla hujatoa hela

Mtu akiniambia anatafuta laptop ya kugeuka, zile ambazo skrini inazunguka hadi mgongoni ukaishika kama tableti, simuulizi bajeti kwanza. Namuuliza utaigeuza ukiwa wapi, ukifanya nini. Jibu likiwa ni kuandika ripoti mezani, kutazama filamu na kusoma barua pepe, namwelekeza atafute laptop ya kawaida isiyogeuka, ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM ambazo fundi yeyote anaongeza, na T480 ina betri ya nyuma unayoichomoa kwa mkono ukaweka nyingine. Kwa hela ileile unapata mashine ambayo ikiugua inatibika.

Laptop ya kugeuka inakuja na vitu vitatu ambavyo vikiharibika vinasumbua: bawaba, kioo cha kugusa kilichogandishwa na skrini yake, na mara nyingi RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi. Kama huvihitaji, usivilipie.

Mimi navihitaji. Kazi yangu ni kuhoji wakulima wa korosho huko Lindi na Mtwara, na dodoso liko kwenye mashine. Ukikaa na mzee barazani kwake halafu ukasimamisha laptop ya kawaida kati yenu, haoni mikono yako wala hajui unaandika nini, na majibu yanakuwa mafupi. Ukiigeuza ikalala magotini, ukaandika kwa kalamu mbele ya macho yake, anainama aangalie, anakurekebisha jina la kitongoji, mazungumzo yanaenda. Hiyo ndiyo sababu natetea mashine hizi, na ndiyo maana nawasindikiza wenzangu wa kazi kuzinunua Kariakoo.

Kwanza, ujue unachotafuta kabla hujaingia mtaa wa Aggrey

Rifabishi nyingi tunazouziwa, yaani mashine zilizotumika kisha zikakarabatiwa, zilikuwa za maofisi na mashule ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo utakutana na makundi mawili. Kuna za ofisini: HP EliteBook x360 1030, ThinkPad X380 Yoga, ThinkPad X1 Yoga, Dell Latitude 7390 ya kugeuka. Halafu kuna za shule: ThinkPad Yoga 11e, HP ProBook x360 11, Lenovo 300e, Dell Latitude 3190. Hizi za pili ni ndogo, inchi 11.6, na bei yake inavutia sana.

Ukubwa wa hizo ndogo unadanganya watu. Zilijengwa zivumilie watoto wa shule kuzidondosha, zikazungushiwa mpira na plastiki nene, kwa hiyo nyingi zina uzito unaokaribia kilo moja na nusu. EliteBook x360 1030 G3, yenye skrini ya inchi 13.3, inaanzia kilo 1.25. X380 Yoga ni kama kilo 1.43. Anayetafuta wepesi wa kubeba anavutwa na umbo dogo, akifika nyumbani anakuta bega linauma vilevile na skrini ni ya 1366 kwa 768, ambayo jedwali la Excel halienei. Ombi langu: kabla hujaiuliza bei, ishike kwa mkono mmoja ikiwa imegeuzwa, usimame nayo huku ukiongea na muuzaji. Mkono utakuambia. Hakuna hata moja kati ya hizi utakayoishika hewani muda mrefu, lakini kuna zinazokaa vizuri juu ya kiganja na mkono wa mbele, na kuna zinazokuvuta chini mara moja. Kisha weka chaja yake kwenye begi hilohilo, maana waya wake na plagi ya pini tatu za mraba vinaongeza uzito wa kutosha.

Kuhusu prosesa nina mstari mmoja tu ambao siuvuki. Windows 10 ilimaliza muda wake wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa upande wa prosesa za Intel Core, inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za cha saba. Soma namba: i5-8250U au i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 8, umo ndani. i5-7200U au i5-7300U, uko nje. EliteBook x360 1030 G2 ni ya kizazi cha saba. G3 ni ya nane. Kwa macho ya haraka zinafanana mno, na ndiyo maana G2 inawekwa mezani pamoja na G3 na muuzaji anasema "zote ni x360, dada". Atakuonyesha pia kwamba G2 yake ina Windows 11 na inafanya kazi. Ni kweli inafanya kazi, kwa sababu kuna njia za kuisakinisha kwa kuruka ukaguzi. Lakini Microsoft haijaahidi masasisho kwa mashine hiyo, na matoleo makubwa ya kila mwaka utayaweka wewe kwa mkono. Kama unatumia Linux, G2 ni mashine nzuri kwa bei ya chini. Ubuntu au Fedora zenye mazingira ya GNOME kwa kawaida zinageuza skrini zenyewe ukiigeuza mashine. Kama hutumii Linux, mwambie asante, pita.

Kwenye zile za shule, prosesa ya Celeron N4100 inaruhusiwa Windows 11, Celeron N3350 hairuhusiwi. Ila hata hiyo ya kwanza, ikiwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, mimi simshauri mtu. eMMC ni chipu iliyochomelewa, ni ya polepole, na Windows ikishajipanga humo na masasisho yake, nafasi inayobaki haitoshi hata picha za kazi moja ya uwandani. Na usikubali chini ya GB 8 za RAM kwenye mashine ambayo RAM haiongezeki.

Angalia pia kibodi. Mashine iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, ya Ufaransa inaanza na A palipo na Q. Stika zinaficha hilo kwa muda, kisha zinabanduka kwa jasho.

Dukani: anza na vitu ambavyo haviangaliwi

Nenda asubuhi, siku ya kazi, wakati kijana wa duka hana haraka. Beba simu yenye bando, flashi, na daftari la kuandikia namba. Omba meza. Akikuambia "dada yangu, hii ni kavu kabisa, haijafunguliwa", mjibu kwa heshima kwamba umemwamini, ila una utaratibu wako wa kuangalia. Muuzaji mwenye mashine nzuri hakasiriki.

Ifunge, iweke juu ya meza iliyo bapa, ubonyeze pembe moja moja. Ikicheza, au ukiona chini imevimba katikati, betri imetuna. Ifungue ubonyeze tachipedi. Ikiwa ngumu kubonyea au imeinuka upande mmoja, sababu mara nyingi ni hiyohiyo, kwa sababu betri ipo chini yake. Betri iliyotuna ni hatari ya moto, siyo jambo la kupunguziwa bei.

Bawaba ndiyo roho ya mashine hii, kwa hiyo tulia hapa. Inua skrini polepole sana, kutoka imefungwa mpaka imegeuka yote, sikio likiwa karibu. Mlio wa kukwaruza au "tak" moja kali inamaanisha kuna skrubu iliyolegea au plastiki iliyopasuka kwa ndani. Wakati skrini iko wima, angalia pembe zake mbili za chini, pale fremu inapokutana na bawaba: ukiona mwanya unaofunguka na kufumba kadiri unavyosogeza, kuna kilichoachia. Kisha iwe imewashwa, rangi nyeupe tupu kwenye skrini, urudie mzunguko uleule. Skrini ikipepesa, ikiweka mistari au ikizima kwenye pembe fulani kisha ikirudi, waya unaopita ndani ya bawaba umechoka. Hilo muuzaji hatalionyesha, kwa sababu yeye huifungua mpaka pembe moja tu na kuiacha hapo siku nzima. Malizia kwa kuiweka kama unavyofungua kitabu, ugonge kioo kwa kidole mara kadhaa. Skrini ikirudi nyuma kila ukigusa, bawaba imelegea, na kwenye gari la vumbi kati ya Nachingwea na Masasi italegea zaidi.

Ikiwa imegeuka yote, bonyeza vitufe vya kibodi kwa chini. Visiandike chochote. Vikiandika, sensa inayozima kibodi haifanyi kazi, na kila ukiishika utakuwa unaandika upuuzi kwenye dodoso. Ielekeze wima na ulalo. Picha inapaswa kufuata.

Kioo sasa. Fungua Paint, chagua brashi nene, uchore kwa kidole mistari ya kutoka juu hadi chini, imebanana, mpaka umejaza skrini nzima. Kisha ya kulala. Mahali ambapo mstari unakatika, hapo kioo kimekufa. Pembeni kabisa ndiko huanzia, na pembeni ndiko viko vitufe vya kufungia madirisha. Halafu chomeka chaja utakayopewa, hiyohiyo, siyo ya duka, uiache mashine bila kuigusa kwa dakika kadhaa huku mnaongea mambo mengine. Kishale kikiruka chenyewe au programu zikifunguka zenyewe, ama kioo kina tatizo ama chaja ni ya ovyo. Badilisha chaja ujue ni kipi. Kioo kibovu kwenye mashine hizi kawaida kinabadilishwa pamoja na skrini yote, na gharama yake itakufanya ujiulize kwa nini usingenunua mashine nyingine.

Kalamu ina mitego yake. Kalamu hazibadilishani ovyo: ya Surface haiandiki kwenye ThinkPad X380 Yoga, kwa sababu teknolojia ni tofauti. X380 ina kijumba cha kalamu ubavuni, na humohumo inachajiwa, kwa hiyo hakikisha kalamu imo na siyo plastiki ya kuziba tundu tu. Kalamu kadhaa za HP na Lenovo zisizokaa ubavuni zinatumia betri nyembamba ya AAAA, ambayo hutaikuta duka la kijijini. Jaribu kuandika sentensi nzima huku kiganja kimelala kwenye kioo, kama unavyoandika daftarini. Kalamu ikichora na kiganja nacho kikichora, kalamu hiyo haitakusaidia uwandani.

Halafu ichukue mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Vioo hivi vingi vinang'aa, na kwenye jua la saa sita utaona uso wako. Pandisha mwanga mpaka mwisho, ufungue ukurasa mweupe wenye maandishi madogo. Kama husomi mlangoni, chini ya mkorosho pia hutasoma. Baadhi ya EliteBook zina kioo cha faragha kinachofifisha picha kwa anayeangalia kutoka pembeni. Ofisini ni kitu kizuri. Kwa kazi ya watu wawili kuangalia skrini moja ni kero tupu, kwa hiyo isogeze kushoto na kulia uone.

Betri: hesabu, siyo maneno

"Inakaa masaa sita" ni sentensi ya duka. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na mashine itakuambia faili limehifadhiwa wapi. Lifungue kwenye kivinjari. Unatafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo uliobaki leo. Mwenzangu alipokuwa anachagua X380 Yoga, ripoti ilionyesha 51,000 hivi ya kiwandani na 35,000 hivi iliyobaki, kwa mWh, ambazo elfu moja ni saa-wati moja. Maana yake imebaki saa-wati 35. Kazi nyepesi ya kuandika na kusoma, mwanga wa wastani, inakula kama wati 7 au 8 kwenye mashine za aina hii. Gawanya: saa nne na kitu. Kwa mahojiano ya asubuhi inatosha. Kwa siku nzima haitoshi, na hilo tuliliweka kwenye bei.

Tahadhari moja. Ukikuta namba mbili zinalingana kabisa na mizunguko ya kuchaji imeandikwa sifuri, betri huenda imebadilishwa. Inaweza kuwa njema, inaweza kuwa ya bei rahisi inayojiandikia uwezo isionao. Kwa hiyo usiishie kwenye ripoti. Chomoa chaja, mwanga uwe zaidi ya nusu, cheza video nusu saa huku ukiendelea na vipimo vingine. Ikishuka asilimia 12, unaweza kutegemea takriban saa nne. Ikishuka asilimia 25, hiyo ni mashine ya saa mbili. Ikishuka taratibu halafu ikazima ghafla ikiwa na asilimia 30, seli mojawapo imekufa.

Kwa msafiri, tundu la USB-C ni muhimu karibu sawa na betri yenyewe. Jaribu kuchaji kwenye kila tundu la aina hiyo, utikise waya kidogo. Linalokatakata limechoka, na kwenye mashine nyingi limechomelewa kwenye mazabodi. Likiwa zima, unaweza kutumia pawabenki, ila siyo ile ya simu: lazima iwe na PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) ya wati 45 kwenda juu, yenye kutoa volti 20. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 ina saa-wati 74 ndani. Sehemu inapotea njiani kwa joto, bado inabaki ya kuijaza betri ya 35 mara moja na zaidi. Kwa mwenzangu, hesabu hiyo ndiyo iliyoamua. Mezani kulikuwa na G2 yenye betri nzuri zaidi lakini prosesa ya kizazi cha saba, Yoga 11e ya bei ya chini kuliko zote lakini ya eMMC, na hiyo X380 yenye betri iliyochoka. Betri inabadilishika na pawabenki inanunulika. Prosesa na eMMC utakufa navyo. Akachukua X380, akapunguziwa bei kwa kuonyesha ripoti ya betri, na punguzo likaingia kwenye pawabenki.

Kufuli ambazo hazionekani

Izime, iwashe, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, ondoka. Kwa ThinkPad, nenosiri la msimamizi likipotea, jibu la Lenovo wenyewe ni kubadilisha mazabodi.

Kufuli ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajificha. Kampuni kubwa husajili mashine zao kwa Microsoft, na zikiuzwa bila kufutwa kwenye orodha, usajili unabaki. Muuzaji akisakinisha Windows bila intaneti, hutaona kitu. Siku utakapoifuta upya ukiwa nyumbani na kuiunga kwenye intaneti, itakukaribisha kwa jina la kampuni ya nje na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Dawa ni kuomba ifutwe upya mbele yako, na ukifika hatua ya kuchagua mtandao, uiunge kwenye simu yako. Inachukua muda mrefu. Kunywa chai, subiri. Nimeshaona jina la kampuni likitokea pale dukani, na mwenye duka mwenyewe alishangaa kwa dhati. Naye alikuwa ameuziwa hivyohivyo.

Mashine ikishawaka upya, andika slmgr /xpr kwenye dirisha la amri. Ikisema imewezeshwa kwa kudumu (permanently activated), vizuri. Ikitaja tarehe ya kuisha, Windows hiyo imewezeshwa kwa muda tu, na tarehe hiyo ikipita itaanza kukudai leseni.

Na kama kwenye kifuniko kuna nembo ya Chrome, jua hiyo siyo Windows hata kidogo. Chromebook ya shule inaweza kuwa nzuri kwa mwanafunzi, lakini kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho, na za zamani nyingi zimeshaipita. Tarehe hiyo inaonekana kwenye mipangilio ya mashine yenyewe; isome kabla ya kuuliza bei.

Malipo

Andika namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo chini ya kasha, uilinganishe na inayoonekana ndani ya BIOS. Zikitofautiana, kasha au mazabodi limebadilishwa, na muuzaji ana maelezo ya kutoa. Dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya waranti iandikwe namba hiyo pamoja na maneno "bawaba, kioo cha kugusa na betri". Waranti nyingi za dukani zinasema mashine tu, halafu ukirudi na kioo unaambiwa kioo hakimo. Akikataa kuandika betri, ni kawaida, mnaweza kuelewana. Akikataa kuandika bawaba, mrudishie mashine yake.

Ukishafika nyumbani, itumie kwa nguvu ndani ya siku za waranti: igeuze kutwa, iandikie kwa kalamu, ichaji kwa kila tundu, nenda nayo kazini kwenye daladala. Kasoro ya bawaba au ya waya wa skrini hujitokeza ikipata joto na mtikisiko, na ni heri ijitokeze wakati karatasi ya duka bado ina nguvu.